Mafuta ya Kukaangia

Nyamasaria, magari yamesongamana. Kijana akagonga bodi:
"Mathe, gurudumu la nyuma linatoa moshi!
Egesha kando, fundi yuko hapa hapa."
Wa pili akaitikia. Wa tatu, ng'ambo, akashika kichwa
kama aliyeona maiti.

Sikuegesha. Marehemu Odiero, miaka thelathini kwenye lori, alinifunza:
anayeona moshi kabla yako, kiberiti ni chake.
Nikaenda taratibu, viganja vikilowesha usukani,
nikisikiliza kila mlio, hadi Ahero,
kituo cha mafuta, penye watu.

Akelo wa pancha akapiga magoti.
Akagusa ringi. Baridi.
Akanusa kidole, akaangua kicheko:
"Haya ni ya kukaangia, dada.
Imebaki ngege tu."

Alitaka hamsini, nikampa mia.

Lakini kwenye miwa ya Chemelil, giza likianza,
mtu alisimama katikati ya lami, boneti wazi,
mtoto begani, mkono juu.

Nikapandisha kioo.

Hadi leo namwona kwenye kioo kile kingine,
kidogo,
hajashusha mkono.