Mshale Utulie

Mwaka wa kwanza pale mwaloni Kirumba
nilikuwa napima dagaa kwa mdomo.
Mtu akinirushia neno, namrudishia mawili,
la tatu nalituma kwa mama yake.
Jioni napanda mawe ya Mabatini
sauti imekauka kama kauzu,
mfukoni nina haki yangu yote
na shilingi mia tano.

Nilichojifunza nilijifunza kwa mizani,
ile ya kuning'iniza, yenye uso wa saa,
kutu shavuni, ndoano kama kidole kilichokunjwa.
Ukitundika gunia, mshale unaruka,
unakwenda themanini, unarudi sitini na mbili,
unatetemeka kama mtu aliyetukanwa mbele ya wakwe.
Ukisoma hapo umesoma hasira yake,
hujasoma uzito.
Subiri.

Jumanne ile Nkwabi alikuja amefura
tangu kule kwenye lami. Mnunuzi mkubwa,
simu mbili, kofia ya kufuma.
Akachomeka mkono kwenye gunia la Holo,
akautoa na mchanga.
"Umeniuzia ufukwe!"
Holo, aliyelala siku mbili kwenye boti kutoka Goziba,
akavua kanga ya kichwani, akaifunga kiunoni.
Hapo kila mwanamke wa mwaloni anajua:
kanga ikishuka, maneno yamekwisha.
Wapagazi wakatua mizigo wapate kuona vizuri.
Hata makorongo juu ya bati walisogea.

Yule mimi wa zamani alinipanda kooni.
Nikammeza. Alikuwa na miba, kama gogogo.

Sikusema "tulieni."
Neno hilo halijamtuliza mtu tangu dunia iumbwe,
ni petroli yenye adabu.
Nilisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia,
"Nkwabi, nishikie pembe hii.
Holo, wewe ile. Tumwage, tuchekeche,
tuone mchanga una kilo ngapi."
Wakainama wote wawili.
Mikono iliyobeba gunia
haina nafasi ya kukaba shati.

Kilo mbili na robo.
Si sifuri, alivyoapa Holo.
Si nusu gunia, alivyoapa Nkwabi.
Akalipa zilizobaki, ananung'unika,
na Holo akairudisha kanga kichwani, polepole,
akiliambia chekeche, si yeye,
kwamba turubai la kuanikia lilichukuliwa na upepo,
sasa wanaanika chini.
"Kumbe," alisema Nkwabi. Hilo tu.
Hawakupeana mikono. Siku hizi husalimiana kwa nyusi.

Lakini usinifanye malaika.
Jioni hiyo hiyo, nyumba yetu ya vyumba sita, luku moja,
umeme uliisha nikiwa nusu ya kola ya sare ya Minza,
na Baba Sayi, mwenye friji, asiyechangia,
alikuwa mlangoni kwake anapiga mswaki
kwa mwanga wa simu.
Nilianza na friji. Nikapita kwa ukoo wake.
Nilikuwa nakaribia kabila
pale Minza, miaka kumi na mmoja,
niliyemsimulia habari za mchanga saa moja tu iliyopita,
alipotoka uani na shuka linalochuruzika.
"Mama, nishikie pembe hii."

Nikaishika. Tukakamua, yeye kulia, mimi kushoto,
maji yakanimwagikia miguuni,
baridi kama ya ziwa alfajiri.
Nikamtazama. Hakucheka, mjanja yule.
Baba Sayi bado ana povu mdomoni,
anasubiri tusi lililobaki njiani.

"Utatoa ngapi?" nikamuuliza.
Akatema. Akafikiri.
"Elfu mbili," akasema. Kisha, kwa shida,
"na ya friji, elfu moja."

Gizani humo, ndani yangu,
mshale ulikuwa ukitetemeka bado.
Nikausubiri.