Vishimo vya Tongoni

Kikoba chetu kilipiga kura: Dubai, Unguja, au Tongoni.
Dubai ilipata kura zote.
Tongoni ikashinda,
maana funguo za sanduku anazo Mama Semhando,
na Mama Semhando alikwisha kuhesabu.

Basi tukatoka Ngamiani saa moja na nusu asubuhi,
wanawake kumi na sita ndani ya Kosta ya kukodi,
sare ya kitenge cha zambarau,
sambusa kwenye ndoo ya rangi iliyosuguliwa,
tukaiacha Tanga ikipiga mswaki.
Kabla Tunu hajamaliza kisa cha talaka yake
dereva akasema, "Tumefika."
"Tumefika wapi? Hata kwa mume wa pili sijafika!"

Mwongozaji alitupokea: Mbaruku,
kijana mwembamba, kalamu mbili mfukoni,
fimbo ya kuonyeshea.
Alisema "karne" kama sisi tusemavyo "juzi".
Huu msikiti. Hii kibla. Haya matumbawe,
hii chokaa: walichoma, wakatwanga, wakakandika.
Hapa palikuwa na paa.
Mkono wake ukawa unaezeka hewa,
na kwa kitambo, nakiri,
nilihisi nimeingia kivulini.

Mwanamkasi akapiga picha, akajipiga na yeye,
akamwomba marehemu radhi, akapiga tena.
Mama Semhando akauliza kiingilio kinakwenda wapi.

Kisha makaburi.
Nguzo moja imelala chali
kama mgonjwa aliyechoka kugeuzwa.
Na kwenye ukuta wa kaburi la pembeni, vishimo:
mviringo, mviringo, mviringo,
kila kimoja upana wa kiganja.

"Humu," akasema Mbaruku, "vilipachikwa visahani vya kigeni,
vilivyovuka bahari kuja kumpamba maiti.
Vimebanduliwa."
"Na nani?"
Akainua mabega.
Kwa mara ya kwanza siku ile
alikosa karne ya kutaja.
"Waliopita," akasema.

Wenzangu wakawalaani waliopita,
wao, na mikono yao, na meza walizoandalia.
Nami nikaitikia, "Amina,"
kwa sauti ya mtu aliyekabwa na mwiba wa samaki
mbele ya mkwewe.

Maana kabatini kwa mama, Barabara ya Kumi na Mbili,
nyuma ya vikombe vya wageni,
kipo kisahani cha buluu, ua moja na nusu.
Hakipakuliwi kitu. Hakiazimwi.
Bibi alikuja nacho kutoka upande wa Mwarongo,
amekifunga pembeni mwa kanga,
mwaka ambao hakuna aliyeutaja.
Ukikigeuza, mgongoni kina chokaa
iliyoganda kwa ukaidi.
Utotoni niliikwangua kwa ukucha, ikakataa,
nikaambiwa, "Acha. Ndivyo kilivyozaliwa."

Nikanyoosha mkono, nikakiweka kiganja shimoni.
Kikaenea.

Mbaruku akakohoa: "Samahani mama, hairuhusiwi kugusa."
Nikakitoa. Kilikuwa na vumbi jeupe
ambalo sikulipangusa;
nikalipitisha kwenye sambusa, kwenye soda,
kwenye mume wa pili wa Tunu njia nzima ya kurudi,
ngumi nimeifumba kama mtoto mwenye sarafu ya kuokota.

Saa kumi nilikuwa kibarazani.
Mama anachambua mchele.
"Haya, mmeona nini huko?"
"Mawe."
"Mawe tu?"
"Na mahali palipotoka vitu."

Akapuliza pumba, polepole,
zaidi ya pumba zilizokuwapo.
"Chai iko jikoni," akasema.
"Na usiguse vikombe vya wageni."