Inazunguka, Haiwaki

Kakule ameisukuma toka Ndosho, juu ya mawe
ambayo mlima uliyatapika nasi tukayaita barabara.
Jile yake imelowa. Hajanisalimu.
"Kavugho, inazunguka, haiwaki."

Sentensi hiyo naijua. Kila alfajiri
huletwa na mtu mwingine na pikipiki nyingine
chini ya turubai langu, hapa rompuwe,
na kila mmoja huitamka kama habari ya msiba
ambao bado haujathibitishwa.

Basi ngoja. Usipige teke tena,
unaizamisha kwa esansi bure.
Betri ina nguvu; naisikia starta,
ngu-ngu-ngu-ngu, mtu anayetafuta neno
nalo li papo hapo kwenye ncha ya ulimi.

Mimi huanza na moto.
Nafungua buji, naivika kofia yake,
nailaza kwenye chuma, naziba mwanga kwa koti.
Piga.
Cheche ya buluu, kavu, inalia tak
kama ukucha wa kuku juu ya bati.
Moto upo.

Buji yenyewe imelowa. Nainusa.
Esansi inafika, tena inafika mno.
Nalegeza skrubu ya chini ya kabureta,
nakinga kopo la nyanya, natazama kama kuna shanga za maji,
maana wauza chupa wa njia ya Sake
kila mmoja ana dini yake.
Hakuna. Leo wamesali vizuri.

Chujio la hewa nalipiga gotini:
vumbi jeusi, mlima ule ule tena,
hauchoki kutuingia. Lakini linapumua.
Kidole gumba juu ya tundu la buji, piga teke,
kidole kinarushwa. Kifua kizima.

Moto, mafuta, hewa, msukumo.
Vyote vinne vimeitika majina yao
na pikipiki imekaa kimya vile vile
kama mume aulizwaye una nini
akajibu, sina kitu.

Kakule anatazama saa. Abiria wa kwanza wa kwenda Birere
wameshapanda za wenzake.
Chukudu inapita na magunia ya makaa,
mwenyewe anacheka: "Yangu haijakataa kuwaka hata siku moja!"

Nakaa chini. Nakunywa chai iliyopoa.
Narudisha buji, kisha, bila kujua kwa nini,
napeleka kiganja nyuma, kwenye mdomo wa ekzosi.
Piga.
Hakuna pumzi.
Piga tena.
Hakuna.
Mwaka wa tisa nauliza pikipiki zinakula nini.
Leo ndiyo nimekumbuka kuuliza zinapumulia wapi.

Natwaa spoku kuukuu, naipinda ncha kama ndoana.
Kinatangulia kitambaa, buluu, cha kaptula ya shule.
Nyuma yake gunzi la hindi,
limesokomezwa kwa nguvu zote
za mkono mdogo.

Kakule anakipokea kitambaa. Anakikunjua pajani,
anakilainisha mikunjo kwa kucha, polepole,
kama noti anayotaka ikubalike dukani.
Simuulizi. Anasema mwenyewe, akitazama tairi:
"Jana aliniuliza, baba, na kesho pia utatoka kukiwa giza?"
"Ukamjibu nini?"
"Nilikuwa natafuta ufunguo."

Teke la kwanza inakohoa moshi mzito.
La pili inanguruma hadi turubai linamwaga maji yake ya usiku
yote shingoni mwangu.
Namdai elfu tatu. Anatoa mbili, ile nyingine jioni.
Gunzi anatia mfukoni, sijui la nini.

Anapanda. Anashika klachi.
Taa imewaka, mvua imeanza upya ndani ya mwanga wake,
abiria mmoja anamwita kutoka ng'ambo, motari! motari!
na mimi nasimama na spoku yangu mkononi
nikiwa na tatizo jipya mbele ya macho:
inawaka, haiendi.