Kidole Ndani ya Kibaba

Saa tisa na nusu alasiri, na Dundee imekwisha kuwasha taa.
Mita iko macho tangu asubuhi.
Ishbel Rattray hapimi kwa mita iliyopoa:
"Iache saa nzima ipate joto lake," husema,
"hata wewe huulizwi neno kabla ya chai."

Mezani kuna themosi isiyo na chai,
imejaa barafu niliyoiponda kwa nyundo ndani ya taulo,
na maji kidogo, ubaridi wa sifuri barabara.
Humo nimezamisha kihisi chembamba kama njiti ya mshikaki,
kimetoka kwenye friji ya chanjo, zahanati moja ya Arbroath.
Ndani ya barafu kinatakiwa kitamke omu mia.
Kikipungukiwa, kisishuke chini ya 99.94.
Sheria imebandikwa ukutani kwa selotepu iliyogeuka manjano.

Nachomeka nyaya mbili, nyekundu na nyeusi.
Ndani ya mita kitu kinaalika, tk, tk,
inatafuta daraja lake
kama mtu anayepapasa ngazi umeme umekatika.
Kisha kioo kinatulia, kijani:

100.012

Kimefaulu. Naokota kalamu.
Kalamu haiendi.

Mama aliuza choroko sokoni Kondoa
kwa kibaba cha bati kilicholika ukingo.
Meza ya pili alikaa Bi Mwahija, kibaba chake saizi ileile,
ila kidole gumba chake kilishinda ndani.
Kidole kimoja tu.
Kilikula choroko thelathini, arobaini,
na mnunuzi alikiona kibaba kimefurika, akashukuru, akaenda zake.
Mama hakumsema.
Chake alikishika kwa nje, viganja viwili,
kama anayepokea mtoto kwa mkunga.

Nazitoa nyaya kwenye kihisi.
Nazigusanisha ncha kwa ncha.
Kati yao hamna kitu, hamna cha kupima,
na bado mita inasema

0.081

Hicho hapo. Kidole.
Nyaya zilikuwa zikijihesabu zenyewe pamoja na mgeni.
Nabonyeza kitufe cha kufuta. Sifuri,
sifuri, sifuri, na ile ya mwisho inapepesa.

Nachomeka upya. Narudi nyuma hatua mbili,
maana hata joto la mkono hujipenyeza kwenye hesabu.

99.931
99.930
99.931

Tarakimu ya mwisho haitulii. Tangu niajiriwe sijaiona imetulia.
Nilidhani ni ubovu, mwezi wa kwanza, nikaipiga mita kofi.
Ishbel akanishika mkono:
"Isiyotetemeka haipimi. Hiyo imeshaamua."

Omu elfu moja ningezimezea, labda.
Hii ni sehemu tisa za elfu, chini ya mstari.
Ukucha wa ukucha.
Nje Gregor, dereva wao, anajipulizia vidole,
amengoja tangu saa saba,
barabara ya kurudi inaanza kuganda.
Mita haijui habari za Gregor.
Mimi ninazijua, na daftari liko wazi.

Naandika chini ya miandiko ya waliotangulia:
yupo wa mwaka 1998 aliyezikata saba zake kiunoni,
yupo Ishbel, wino mweusi, hajafuta hata mara moja.
99.931. Nyaya zimefutwa. Barafu mpya.
Halafu neno lenyewe, kwa herufi kubwa.

Gregor anaingia na baridi yake.
Kimepungua kiasi gani, anauliza, ni kingi?
Natafuta mfano, choroko hazinijii kwa lugha yake,
nikamwinulia kidole gumba.

Akafurahi! Akainua na chake,
akanyoosha mkono kuchukua kihisi.

Ikanibidi nishushe kidole,
nimvutie kiti,
nianze tena, kwa tarakimu.