Luhende Mbele ya Bani

Usiku wa kulinda moto wa tumbaku, Sikonge,
babu alimbebesha Luhende pembe mbili za ndovu
hadi pwani, asiseme "nimechoka" hata mara moja.
Enzi zile shujaa alikuwa bega.

Baba akamtua pembe.
Luhende wake aligawa mahindi ya kijiji kwa debe,
yeye akabaki na pumba, akicheka.

Mimi nilimpa pikipiki
na deni la pembejeo; akalikwepa kwa ujanja.

Jana Minza, mwanangu, akasukuma gogo motoni, akauliza:
"Miaka yote hiyo, nani alimpikia?"

Babu hakumtaja. Baba naye.
Nikatafuta jina la mkewe
kwenye moshi,
bani likaanza kupoa.
"Haya," nikamwambia, "simulia wewe."