Fulana ya Karakana

Fulana zilikuja kwenye maboksi matatu,
kijani mbichi, na mgongoni, kwa njano:
NAJIVUNIA KAZI YANGU.
Tukapanga foleni karakanani, tukasaini.
Yangu ilinibana kwapa.
Ya Ndekeja wa breki ilimfika magotini.
Meneja akapiga picha, akasema tucheke;
tukacheka, maana mdomo ni mali ya mtu
na kuufungua hakukatwi kodi.

Choo kilikuwa bado hakina komeo.
Ovataimu ya Machi ilikuwa bado inakuja
kama treni ya mizigo: unaambiwa imeshatoka Itigi.

Masika yalipoisha nikaiona moja kule Cheyo,
imevikwa mti katikati ya mtama,
mikono imenyooshwa,
inajivunia kazi yake kwelikweli:
hakuna ndege aliyetua.

Halafu akaja Bi Nyanzobe, msimamizi mpya,
mkoba mmoja, miwani iliyofungwa kwa waya.
Hakuleta boksi.
Akalizunguka behewa lililotoka matengenezo,
akainama, akapapasa viatu vya breki,
akauliza: "Hili nani kalifunga?"

Kimya.
Kwetu swali hilo lina maana moja tu:
nani tumkate mshahara.
Nyundo zikanyamaza. Mtu akakohoa, akajuta.
Ndekeja akanyoosha kidole taratibu,
kama mtoto asiyejua jibu.
"Basi Alhamisi utalipanda. Mpaka Kigoma."

Miaka ishirini na sita amefunga breki Tabora,
na hajawahi kuivuka ishara ya mwisho ya yadi
akiwa ndani ya kitu alichokitengeneza.
Alivaa shati la harusi ya bintiye.
Usoke wakapanda wenye kuku,
Urambo mtu na godoro lake,
Kaliua ugomvi wa kiti, ukaisha kwa karanga.
Yeye hakutazama dirishani.
Alivua viatu, akaweka nyayo sakafuni,
akasikiliza kwa visigino.

Usiku, kabla ya Uvinza, mtelemkoni, treni ikashika breki.
Sakafuni palikuwa na kikombe cha chai
cha mama mmoja aliyesinzia, mtoto yuko titini.
Chai ikaenda mpaka ukingoni,
ikafikiri,
ikarudi.
Yule mama hakuamka.

Kikombe kile alitusimulia wiki mbili
mpaka tukakichukia:
rangi yake, ufa wake, ua lililofutika ubavuni.
Lakini njoo karakanani sasa,
bolti ilegee robo tu ya zungusho,
usikie hata kijana wa mazoezi, ndevu hana, anasema:
"Rudia. Hiyo chai itamwagika."
Bi Nyanzobe akafungua daftari la mistari:
behewa, tarehe, jina la aliyelifunga.
Zamani tulisaini kwa mkwaruzo, kama kuku.
Siku hizi watu wanaandika majina matatu,
na Ntinginya anaongeza la babu.

Sitasema tumekuwa malaika.
Komeo la choo lipo; nililichomelea mwenyewe.
Ovataimu ya Machi ingali Itigi.
Glavu zimeletwa, zote za mkono wa kushoto.
Fulana yangu naifutia grisi,
herufi zimetoka mojamoja,
limebaki YANGU.

Ila juzi, usiku wa manane, honi ya kuondoka ikalia.
Nikakaa kitandani nikihesabu mabehewa kwa sikio.
La tano lilipofika
nikamtikisa mume wangu.
"Sikiliza hilo."
Akainua kichwa, akasikiliza, maskini, kwa heshima yote.
Akasema hasikii kitu.
"Ndilo hilo," nikamwambia,
nikavuta shuka.