Nilimwondoa Nkwimba

Saa nne na dakika kumi usiku
nilibonyeza jina lake, nikabonyeza "ondoa".
Simu haikupiga kelele. Iliandika tu, kwa herufi ndogo,
kwamba mimi, Katibu wa Maji wa mtaa,
nimemtoa Nkwimba.

Kosa lake: alimjibu Mzee Ludomya.
Ludomya alitaka kioski kifunguliwe saa mbili,
watu wameshaamka, wameshakunywa chai.
Nkwimba, kidato cha pili, kaandika:
"Hiyo chai, maji yake nani kayateka?"

Vidole gumba vitatu. Kisha kimya.
Kisha: Huyu mtoto wa nani?
Kisha: Katibu, hili ni kundi la watu wazima.
Nami nikailinda heshima ya mtaa.

Asubuhi nilisimama mlangoni, huku juu ya mawe ya Mabatini
ambako ziwa unaliona lote, limejaa, limetulia,
na bomba linakohoa upepo.
Nikamwona anapanda. Ndoo kichwani,
sketi ya shule kaipiga fundo isilowe,
mguu unajua jiwe lipi linacheza.
"Shikamoo, Katibu."
Marahaba yangu ilikuwa nyepesi kama ndoo tupu.

Nitasema, maana mtaniuliza:
hakuwa sahihi kwa yote. Aliandika kwamba michango imeliwa.
Haijaliwa. Risiti ninazo, kwenye kopo la maziwa ya unga.
Alikosea, na kosa hilo nililishika kama fimbo.

Lakini Januari Ludomya alituapia
kwamba watu wa Igogo wametukatia bomba usiku.
Tukachanga nauli, tukaenda kugombana,
kumbe limepasukia chini ya choo chake mwenyewe.
Hakuna aliyemwondoa.
Tulicheka, tukamtania wiki nzima,
na Jumapili akaandika tena, ndefu, bila nukta.

Basi kitu tunachowanyima si neno.
Neno watalisema, hata kwa mkaa ukutani.
Ni ile ruhusa ya kukosea mbele za watu
na kesho yake kukutwa bado umo.

Jana nimemtumia mwaliko arudi.
Alama moja tu, ya kijivu.
Labda simu ya shangazi yake imeisha chaji.
Labda ameteremka ziwani na ndoo,
kwa sababu kioski, kwa azimio letu sote,
sasa kinafunguliwa saa mbili,
na kengele ya shule hulia saa moja na nusu.